Namna ya kukagua haki katika mgawo wa viti na mipaka ya maeneo ya uchaguzi: mwongozo kwa raia wa Goma na Kivu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wakazi wa Goma na wa teritwari zinazoizunguka ambao wanataka kujua kama kura yao ina uzito sawa na kura ya Wakongomani wenzao, na ambao wako tayari kukaa na karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu ili walithibitishe jambo hilo kwa hesabu. Kifungu cha 5 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema kwamba kura ni ya wote, ni sawa na ni ya siri. Siri ya kura hulindwa siku ya uchaguzi, mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi waliokaa ndani ya kituo. Usawa wake huamuliwa miezi mingi kabla, katika ofisi na kwenye kikao cha Bunge, wakati ambapo karibu hakuna raia anayetazama, na hiyo ndiyo sababu naona kazi ya ukaguzi lazima ianze mapema.

Kwa kuwa hapa kwetu neno jimbo hutumika kwa provinsi, nitaita "eneo la uchaguzi" mahali ambapo wapiga kura huchagua mbunge mmoja au zaidi.

Jua kwanza nani anachora mpaka

Katika nchi nyingine mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya kwa ajili ya uchaguzi wenyewe, na hapo hila hufanyika juu ya ramani. Mwaka 1812, huko Massachusetts nchini Marekani, Gavana Elbridge Gerry alitia saini sheria iliyoyapinda maeneo ya kuchagua maseneta hadi mojawapo likawa na umbo la mnyama, ili chama chake kipate viti vingi kuliko kura zake. Kenya imejaribu kuifunga njia hiyo kwa kuandika kanuni ndani ya Katiba yake ya 2010: kifungu cha 89 kinaweka maeneo 290, kinataka yapitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kinaruhusu idadi ya watu itofautiane na wastani kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na kwa asilimia 30 kwingineko.

Kwetu mambo ni tofauti, na asiyeielewa tofauti hii atatafuta uonevu mahali ambapo haupo na kuuacha ulipo. Kwa sheria ya uchaguzi namba 06/006 ya 9 Machi 2006, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo tarehe 29 Juni 2022, eneo la uchaguzi wa wabunge wa taifa ni mji au teritwari jinsi ulivyo katika utawala wa kawaida. Ni Kinshasa tu iliyogawanywa katika maeneo manne, yaani Lukunga, Funa, Mont-Amba na Tshangu. Kwa hiyo Goma, pamoja na komini zake mbili za Goma na Karisimbi, ni eneo moja, na Nyiragongo inayopakana nayo ni eneo jingine. Bukavu yote, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, ni eneo moja, na Lubumbashi yenye komini saba ni eneo moja vilevile. Tume ya Uchaguzi, CENI, haichori mpaka mpya. Inahesabu waliojiandikisha, inapendekeza idadi ya viti kwa kila eneo, kisha Bunge linaupitisha mgawo huo kama sheria, jinsi lilivyofanya Juni 2023.

Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kupendelea upande fulani katika Kongo hana haja ya kalamu ya ramani, kwa sababu daftari la wapiga kura linamtosha. Mahali ambapo vituo vya kuandikisha vilifunguliwa vichache, au vilichelewa, au havikufunguliwa kabisa, viti hupungua, na mahali ambapo majina yameongezwa bila haki viti huongezeka, hata kama mpaka haujasogea hatua moja.

Hesabu yenyewe

Sheria imeeleza hesabu kwa uwazi, na mtu aliyemaliza shule ya msingi anaiweza. Chukua idadi ya wapiga kura wote walioandikishwa nchini, igawanye kwa viti 500 vya Bunge la taifa, na utapata kipimo cha kiti kimoja. Mwaka 2023 walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44, kwa hiyo kipimo kilikuwa karibu wapiga kura 88,000. Kisha idadi ya kila jimbo hugawanywa kwa kipimo hicho, na namba kamili inayopatikana ni viti vya jimbo. Viti vinavyobaki nchini hupewa majimbo yenye desimali kubwa zaidi, kimoja kimoja, mpaka vifike 500. Ndani ya jimbo hesabu hurudiwa kwa kipimo kilekile: kila eneo hupata namba yake kamili, eneo ambalo halikufikia kipimo hupewa kiti kimoja, na viti vinavyobaki huenda kwenye desimali kubwa.

Fanya zoezi hili kwa mfano wa kubuni kabla ya kugusa namba halisi, ili uone mahali ambapo hesabu inaweza kuteleza. Tuseme jimbo lina wapiga kura 1,000,000: mji una 480,000, teritwari ya kwanza 260,000, ya pili 180,000 na ya tatu 80,000. Kwa kipimo cha 88,000, jimbo linapata 11.36, yaani viti 11. Mji unapata 5.45, teritwari ya kwanza 2.95, ya pili 2.05, na ya tatu 0.91 ambayo inapewa kiti chake kimoja cha lazima. Namba kamili ni 5, 2, 2 na 1, jumla 10, na kiti kilichobaki kinakwenda kwa teritwari ya kwanza kwa sababu desimali yake ndiyo kubwa. Matokeo ni 5, 3, 2 na 1.

Sasa rudi nyuma ugawanye wapiga kura wa kila eneo kwa viti vyake. Mjini kiti kimoja kinabeba wapiga kura 96,000, teritwari ya kwanza karibu 86,700, ya pili 90,000, ya tatu 80,000. Linganisha na 88,000: mji umezidi kwa asilimia 9 na teritwari ya tatu imepungua kwa asilimia 9, na waliobaki wako karibu kabisa na kipimo. Mgawo kama huo sina shida nao. Tume ya Venice ya Baraza la Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2002, inashauri tofauti isizidi asilimia 10, na isivuke 15 isipokuwa kwa sababu maalumu. Kongo haifungwi na kanuni hizo, lakini ni kipimo kizuri cha kushika mkononi, nami nashauri kila eneo lililovuka 15 liwekewe alama kwenye karatasi yako.

Alama hiyo isiwe hukumu. Eneo lenye kiti kimoja na wapiga kura 35,000 litaonekana limependelewa mno, kwa kuwa kura yake ina uzito mara mbili na nusu ya kura ya wastani, na hata hivyo sheria imekusudia hivyo, ili teritwari yenye watu wachache au iliyo mbali isibaki bila sauti bungeni. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki. Kisichokuwa na udhuru wowote ni upande wa pili, yaani eneo ambalo kiti chake kimoja kinabeba watu wengi kupita kiasi. Hapo ndipo pa kutumia nguvu zako.

Angalia pia idadi ya viti kabla ya kupima uzito wa kasoro. Mahali penye viti vingi, kura hugawanywa kwa uwiano kati ya orodha za vyama, na hata kundi dogo linaweza kupata mtu wake. Mahali penye kiti kimoja, mwenye kura nyingi huchukua chote, na kijiji kikihamishwa kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda wa pili kinaweza kubadilisha mshindi.

Daftari ndilo la kukaguliwa kuliko yote

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme teritwari ya pili ina watu wazima 180,000 kama awali, lakini kwa sababu ya vita vituo kadhaa havikufunguliwa, na walioandikishwa ni 120,000 tu. Jimbo sasa lina 940,000, ambayo ni viti 10.68, na kwa desimali kubwa hivyo huenda likabaki na viti vyake 11. Lakini ndani yake hesabu imepinduka: mji 5.45, teritwari ya kwanza 2.95, ya pili 1.36, ya tatu 0.91. Viti vya namba kamili pamoja na kile cha lazima ni tisa. Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa teritwari ya kwanza na kwa mji. Teritwari ya pili imepoteza nusu ya wabunge wake, na kiti chake kimehamia mjini bila mtu yeyote kuvunja sheria. Watu wazima 180,000 sasa wana mbunge mmoja, wakati wenzao wa mjini wana mbunge mmoja kwa kila wapiga kura 80,000.

Kwa sisi wa Kivu ya Kaskazini jambo hili linatugusa moja kwa moja. Uandikishaji ulioanza magharibi ya nchi Desemba 2022 ulifika Kivu Februari 2023, wakati sehemu kubwa za Rutshuru na Masisi zilikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Tarehe 20 Desemba 2023 teritwari hizo mbili, pamoja na Kwamouth katika Mai-Ndombe, hazikupiga kura. Miaka mitano kabla, uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi ulikuwa umesogezwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Tangu hapo Goma yenyewe iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizoizunguka Goma zikavunjwa, watu wakatawanyika. Daftari lolote litakaloandaliwa kwa uchaguzi unaotarajiwa mwaka 2028 litakuta watu mahali tofauti kabisa na pale walipoandikwa mara ya mwisho, na aliyelala Goma miaka mitatu akitokea Masisi, akijiandikisha anapolala, anahesabiwa kwa faida ya viti vya Goma.

Je, daftari hulinganishwa na nini? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, na huo ndio msingi wa udhaifu wote huu: nchi inagawa viti kwa kuhesabu waliofika kituoni kujiandikisha kwa sababu haijui idadi ya watu wake. Mpaka sensa ifanyike, tafuta namba nyingine zilizopo karibu nawe. Ofisi ya kila kartiye huandaa taarifa ya wakazi wake na kuipeleka komini. Maeneo ya afya, kama Goma, Karisimbi na Nyiragongo, yana makadirio ya watu yanayotumika katika kampeni za chanjo. Karibu nusu ya Wakongomani hawajafika miaka 18, kwa hiyo nusu ya wakazi ni makadirio ya kuanzia ya watu wazima. Ukikuta sehemu ambapo walioandikishwa ni wengi kuliko watu wazima wanaokadiriwa, au wachache mno kuliko wao, umepata swali la kuuliza.

Lakini chukua tahadhari na namba hizo. Mipaka ya eneo la afya mara nyingi hailingani na mipaka ya komini au teritwari, na makadirio yake yamejengwa juu ya hesabu za zamani. Askari na polisi walio kazini hawapigi kura kwa sheria yetu, hivyo kartiye yenye kambi ya jeshi itaonyesha pengo ambalo si kosa la mtu. Linganisha namba mbili au tatu kabla ya kuandika lolote.

Linganisha pia daftari na daftari. Chukua mwaka 2018 na mwaka 2023, upate ongezeko la kila eneo kwa asilimia, kisha uyapange kutoka kubwa hadi dogo. Nchi nzima ilipanda kutoka milioni 40.3 hadi karibu milioni 44, yaani karibu asilimia 9. Eneo lililoruka mbali juu ya hapo bila wahamiaji wanaojulikana, na eneo lililoshuka bila vita wala njaa, yote mawili yanahitaji maelezo kutoka CENI. Shaka ya namna hii ina msingi. Ukaguzi uliofanywa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazozungumza Kifaransa ulikuta asilimia 16.6 ya walioandikishwa hawana alama za vidole kwenye daftari, na mwaka 2023 ukaguzi wa nje ulifanywa kwa siku chache tu mwezi Mei, muda ambao kwa maoni yangu hautoshi hata kwa jimbo moja.

Kazi nyepesi kuliko zote ni ile ya wakati wa uandikishaji wenyewe. Watu wawili kwa kila kituo, wenye daftari la shule, wanaweza kuandika siku kilipofunguliwa, siku mashine ilipoharibika, na idadi ya watu waliorudishwa nyumbani jioni bila kadi. Orodha hiyo ikikusanywa kwa teritwari nzima inageuka ushahidi ambao hakuna ofisi inayoweza kuukataa kwa urahisi.

Mpaka wa utawala unapogombaniwa

Kwa kuwa eneo la uchaguzi hufuata mpaka wa utawala, ugomvi wa mpaka huo ni ugomvi wa kura pia. Goma imekua kuelekea kaskazini mpaka nyumba za Karisimbi na za Nyiragongo zimeshikana, na mlipuko wa volkano wa 22 Mei 2021 uliwahamisha watu wengi wa upande huo. Kuna sehemu ambapo wakazi hulipa kodi upande mmoja na kuandikwa upande wa pili. Rudi tena kwenye mfano: ukihamisha wapiga kura 30,000 kutoka mji kwenda teritwari ya tatu, viti havibadiliki hata kimoja, lakini kiti cha teritwari hiyo sasa kinabeba watu 110,000, asilimia 25 juu ya kipimo, na wale waliohamishwa wamepoteza sehemu ya uzito wa kura yao bila kuhama nyumba.

Ukitaka kukagua mpaka kama huo, anza na maandishi. Tafuta amri au agizo lililounda mji, komini au sheferi (eneo la chifu wa kimila), usome mito, vilima na barabara zilizotajwa, kisha tembea na wazee wa pande zote mbili kwa pamoja, kamwe usitembee na upande mmoja. Weka alama za simu kwenye kila kituo cha kupigia kura na uone kipo upande gani wa maandishi hayo. Lugha ya ripoti iwe ya vituo na wapiga kura, isiguse kabila wala asili ya mtu, kwa sababu mpaka wa utawala katika Kivu unaweza kumwaga damu. Tuliona jinsi suala la komini ya Minembwe katika Kivu ya Kusini lilivyowasha hasira mwaka 2020, mpaka Rais Félix Tshisekedi, akiwa hapa Goma mwezi Oktoba, akatangaza kuifuta. Mpaka uliochorwa bila kuwasikiliza majirani wote haudumu, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Kupeleka matokeo yako

Ripoti nzuri inatosha kurasa nne: jedwali la maeneo ya jimbo lako lenye waliojiandikisha, viti, wapiga kura kwa kiti na asilimia ya tofauti, kisha maelezo ya maeneo yaliyowekewa alama, na mwishoni ombi moja lililo wazi, kama vile kufungua vituo vya nyongeza katika groupement (kundi la vijiji) fulani au kukagua upya majina ya kituo fulani. Fanya jedwali hilo kwa viti vya wabunge wa jimbo pia. Hao ndio wanaowachagua maseneta na gavana, hivyo kasoro ndogo pale huenda mbali.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kitumie wakati wa uandikishaji, maana miezi mitatu baada ya mgawo kupitishwa ni kuchelewa. Peleka nakala kwa sekretarieti ya CENI ya jimbo na kwa wabunge wa eneo lako, na wakati rasimu ya sheria ya mgawo inapofika Bungeni wape wabunge jedwali lako kabla ya kamati kukaa. Sheria ikishatangazwa, kifungu cha 162 kinamruhusu mtu yeyote kuifikisha mbele ya Mahakama ya Katiba akidai kwamba inapingana na Katiba, na hoja ya kutumia ni ileile ya usawa wa kura iliyo katika kifungu cha 5. Kwa hatua hiyo mtafute wakili, na umkabidhi jedwali, orodha za vituo, pamoja na nakala ya ombi lako la kwanza yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa, inayoonyesha kwamba CENI iliarifiwa wakati bado iliweza kurekebisha.